Jinsi ya Kuweka Rekodi za Uzazi wa Kobe na Reptilia Wengine kwa Excel au Google Sheets

Maswali ni yale yale. Nitumie programu gani? Mtoto wa kobe nimpe namba gani? Mayai yameanguliwa lakini baba simjui, niandike nini? Na lile linalokuja likiwa limechelewa: afisa wa wanyamapori anataka kuona ukoo wa wanyama wangu hadi kizazi cha pili, nianzie wapi?

Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kutoka mnyama wa kwanza kupewa namba hadi faili kuhifadhiwa mahali pa usalama. Mfano wangu ni kobe wa madoa, Stigmochelys pardalis, kwa kuwa ndiye aliye kwenye mabanda mengi ya huku kwetu. Mpangilio huo huo unamfaa mamba, chatu na kinyonga, na pale wanapotofautiana nitakwambia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kililetewa kobe wanne wakubwa wa Aldabra kutoka Seychelles mwaka 1919. Wakazaana vizuri, kufikia 1955 walikuwa wapatao 200. Wezi wakaanza kazi, na mwaka 1996 wakawa wamebaki saba. Mwaka huo huo yakaletwa makobe machanga 80, nusu yao nayo yakatoweka. Rekodi haimzuii mwizi, lakini mnyama asiye na namba hata akiibwa hakuna anayejua ni yupi aliyeondoka.

Neno moja kuhusu sheria, kisha tuendelee. Huu si mwongozo wa kupata kibali. Kenya unashughulika na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Tanzania Bara kuna sheria ya 2009 na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Kama huna kibali, usianze na programu. Rekodi nzuri haimhalalishi kobe aliyeokotwa porini.

Programu ipi?

Bustani kubwa za wanyama duniani hutumia ZIMS, mfumo wa shirika la Species360, na wataalamu wa vinasaba huchukua data hizo wakazichambua kwa programu iitwayo PMx. Ni vifaa vizuri, lakini ZIMS ni ya taasisi wanachama. Mtu mwenye kobe 30 nyuma ya nyumba hauhitaji. Zipo pia programu za simu zilizotengenezwa kwa wafugaji wa nyoka na mijusi wa Marekani na Ulaya. Kabla ya kulipia yoyote, uliza jambo moja tu: naweza kutoa data zangu zote kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye programu nyingine? Kama jibu ni hapana, achana nayo. Siku kampuni ikifunga mlango, ukoo wa wanyama wako unafungiwa ndani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc. Mbili za mwisho ni za bure. Hizi zitakutosha kwa miaka mingi, na siku ukitaka kuhamia mfumo mkubwa, data zako zitahamishika. Humu nitaita kila ukurasa wa faili "shiti", mstari unaolala ni "mstari", unaosimama ni "safu", na kila chumba kidogo ni "kisanduku".

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta, au simu yenye Google Sheets. Kwenye simu, ruhusu faili lifanye kazi bila intaneti.
- Daftari gumu na penseli, vinavyokaa bandani. Hili si la hiari. Nitaeleza kwa nini.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Kipimajoto chenye waya, ambacho kichwa chake kinaweza kulala kando ya mayai.
- Rangi ya kucha ya kuwekea alama watoto, na penseli laini ya kuandikia mayai.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Vibali na risiti zote za wanyama ulionao. Zipige picha kabisa.
- Kisomeo cha chipu, kama wanyama wako wamewekewa chipu.

Hatua ya 1: Mpe kila mnyama namba ya maisha

Fanya hivi kabla hata ya kuwasha kompyuta. Kila mnyama apate namba moja, isiyobadilika mpaka afe, na isiyorithiwa na mwingine akishakufa. Mimi napendelea herufi mbili za spishi na tarakimu tatu: KM-001, KM-002, KM-003. Herufi zinatofautisha kobe wa madoa na spishi nyingine utakayoongeza kesho.

Usiweke ndani ya namba kitu kinachoweza kubadilika. Watu huandika KM-B2-J-07, wakimaanisha banda la pili, jike, wa saba. Mwaka wa tatu kobe huyo anahamishiwa banda la nne na anaota mkia mrefu wa dume. Sasa namba inasema uongo mara mbili, na ukiibadilisha unapoteza kila ulichokwisha kuandika juu yake. Banda na jinsi vina safu zake; namba iwe jina tu.

Majina ya kupenda, Bi Kirembwe na Mzee Kobe, yasikusumbue. Yape safu yake pembeni.

Hatua ya 2: Fungua faili lenye shiti nne

Faili moja, shiti nne, majina kwa herufi kubwa:

WANYAMA: mstari mmoja kwa kila mnyama, awe mzima au amekufa.
MITAGO: mstari mmoja kwa kila mtago, yaani mayai yote aliyoyataga jike kwa mara moja.
MAYAI: mstari mmoja kwa kila yai.
MATUKIO: mstari mmoja kwa kila kinachotokea, kama kupima uzito, kuingiza dume, dawa, umeme kukatika.

Wengi hutamani kufungua shiti ya tano, ya watoto. Usifanye hivyo. Mtoto akishaanguliwa ni mnyama, na anaingia WANYAMA siku hiyo hiyo. Ukimweka pembeni "mpaka akue", utajikuta unamhamisha kwa mkono, unakosea mama yake, au unamsahau kabisa.

Hatua ya 3: Panga safu

Mstari wa kwanza wa kila shiti ni wa vichwa. Andika kwa mpangilio huu, kwa sababu fomula za mbele zinautegemea.

WANYAMA: A Namba, B Spishi, C Jinsi, D Asili, E Tarehe ya kuanguliwa au kupokelewa, F Mtago, G Chipu, H Alama, I Hali, J Tarehe ya hali, K Mama, L Baba, M Kibali, N Banda, O Jina la kupenda.

MITAGO: A Mtago, B Mama, C Baba, D Uhakika wa baba, E Tarehe ya kutaga, F Mayai, G Yenye mbegu, H Walioanguliwa, I Anza kukagua, J Mashine, K Maelezo.

MAYAI: A Yai, B Mtago, C Uzito, D Mbegu, E Mwisho wake, F Tarehe ya mwisho.

MATUKIO: A Tarehe, B Namba, C Tukio, D Kipimo, E Maelezo.

Safu ya Asili inahitaji maneno machache. Kobe wote wa nchi kavu wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kibali cha kusafirisha nje hudai herufi ya asili: W ni mnyama wa porini, R ni aliyechukuliwa porini akiwa yai au mchanga akalelewa shambani, F ni aliyezaliwa kifungoni lakini hajatimiza masharti yote, na C ni aliyezalishwa kifungoni kwa maana kamili ya CITES. Tofauti ya F na C ndiyo inayowaumiza watu. Ili mnyama aitwe C, wazazi wa mwanzo wa ufugaji wako lazima wawe wamepatikana kihalali, na ufugaji wako uwe umetoa kizazi cha pili, au uthibitike kuwa unaendeshwa kwa njia inayojulikana kukitoa bila kubahatisha. Kizazi cha pili hukithibitishi kwa mdomo. Unakithibitisha kwa mstari wa mjukuu unaoonyesha mtago, mtago unaoonyesha mama, na mama naye ana mtago wake. Kwa kobe bapa wa miambani, Malacochersus tornieri, mambo ni makali zaidi, maana tangu 2019 yuko katika orodha ya kwanza ya CITES.

Hatua ya 4: Ziba mianya ya makosa

Tumia dakika 20 hapa, utaokoa siku nyingi.

Kwanza tarehe. Chagua safu zote za tarehe, nenda kwenye mpangilio wa namba, weka mwaka-mwezi-siku: 2025-04-03. Ukiandika 03/04/2025, kompyuta iliyowekwa Kimarekani itasoma tarehe 4 Machi, na wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili. Hutagundua, kwa kuwa zote mbili ni tarehe halali.

Pili, chipu. Namba ya chipu ya kimataifa ina tarakimu 15. Ukiibandika kwenye kisanduku cha kawaida, Excel inaionyesha kama 9.77E+14, na ukihifadhi kama CSV huenda ikabaki hivyo hivyo. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu G yote uigeuze kuwa maandishi.

Tatu, orodha za kuchagua. Kwenye menyu ya data kuna sehemu ya kuhakiki kinachoingizwa. Jinsi iwe na machaguo matatu tu: dume, jike, haijulikani. Hali: yupo, amekufa, ametolewa, ameibwa. Mbegu: ndiyo, hapana, haijulikani. Mwisho wa yai: anguliwa, tasa, vunjika, fia yaini. Uhakika wa baba: hakika, inadhaniwa, haijulikani. Ukimwachia kila mtu aandike apendavyo, baada ya msimu mmoja utakuwa na "Jike", "jike ", "J" na "mke", na kompyuta itawahesabu kuwa jinsi nne tofauti.

Mwisho, gandisha mstari wa vichwa ili usipotee unaposhuka chini.

Hatua ya 5: Siku ya kutaga

Hapa ndipo rekodi inapookolewa au inapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Jike la kobe wa madoa huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hulilowesha kwa maji yake mwenyewe, hutaga, kisha hufukia na kupigapiga udongo kwa gamba la chini mpaka usione pa kuanzia. Msimu mmoja anaweza kutaga zaidi ya mara moja. Ukimkuta anachimba, andika namba yake kwenye daftari la bandani papo hapo. Usiseme nitakumbuka. Kama kuna majike manne bandani na hukumwona aliyetaga, usibahatishe: safu ya Mama andika "haijulikani" na kwenye maelezo taja wote wanne. Mama wa kubuni ni mbaya kuliko mama asiyejulikana, maana makosa yake yanarithiwa na wajukuu.

Fukua taratibu kwa vidole. Kabla ya kuinua yai, andika juu yake kwa penseli: namba ya mtago na namba ya yai. Upande ulioandikwa ndio unaobaki juu mpaka mwisho. Mayai haya si ya kuku; ukiyageuza baada ya kiinitete kujishika, unakiua.

Namba ya mtago iwe na mwaka: M25-07 ni mtago wa saba wa 2025. Yai la tatu ndani yake ni M25-07-03. Lipime, andika gramu daftarini, weka kwenye mashine ya kuangulia. Jioni hiyo hiyo hamishia kwenye kompyuta: mstari mmoja MITAGO, na mistari 14 MAYAI kama mayai ni 14. Ndiyo, inachosha kidogo. Lakini utaandika mstari wa kwanza, ukivuta chini kona ya kisanduku cha namba ya yai, namba za mayai zinajijaza zenyewe.

Kwa nini daftari, wakati simu ipo mfukoni? Mikono ina matope, jua linafuta kioo, na mfanyakazi wa zamu si lazima awe na simu yenye faili lako. Daftari liwe na safu zile zile kwa mpangilio ule ule, na lisitupwe hata likijaa. Mkaguzi huliamini daftari lenye madoa ya udongo kuliko faili safi lililochapishwa asubuhi ile.

*Baba ni nani?* Hapa watu huandika dume aliyekuwa bandani siku ya kutaga. Si sahihi. Majike ya kobe huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu. Terrapene carolina, kobe-sanduku wa Marekani, amewahi kutaga mayai yenye mbegu miaka minne baada ya kutengwa na dume. Kwa hiyo dume unayemwona leo anaweza asihusike kabisa. Kanuni yangu ni hii: "hakika" ni pale tu jike amekuwa na dume mmoja maisha yake yote ukiwa na rekodi, au vinasaba vimepimwa. "Inadhaniwa" ni pale dume mmoja tu amekuwa naye kwa miaka kadhaa ya karibuni. Zaidi ya hapo ni "haijulikani", na majina ya madume wote yanaingia kwenye maelezo. Ndiyo maana kila unapoingiza au kutoa dume bandani, andika mstari MATUKIO siku hiyo.

Na usikimbilie kuandika kuwa mayai ni tasa eti kwa sababu jike hajawahi kuona dume. Mwaka 2006, Flora, jike la joka wa Komodo katika Chester Zoo, Uingereza, alitaga mayai yenye viinitete bila kukutana na dume hata siku moja. Ni nadra sana, lakini tukio kama hilo linaaminika pale tu historia yake yote imeandikwa.

Hatua ya 6: Joto na kumulika mayai

Kwa kobe wengi na kwa mamba, jinsi ya mtoto huamuliwa na joto la yai. Kwa kobe, joto la juu hutoa majike na la chini madume. Mamba wa Nile ni kinyume kidogo: madume hupatikana katikati, karibu nyuzi 32 hadi 34, na pande zote mbili za hapo huzidi majike. Hivyo joto si pambo la rekodi. Ukilikosa, hutajua kwa nini banda lako limejaa madume miaka minane baadaye.

Andika joto la kipimajoto kilicholala kando ya mayai, si namba inayowaka kwenye mlango wa mashine. Asubuhi na jioni inatosha. Umeme ukikatika, andika MATUKIO: ulikatika saa ngapi, ulirudi saa ngapi, joto lilishuka mpaka wapi. Safu ya Namba weka jina la mashine, mfano INK-1, ambalo pia liko kwenye safu J ya MITAGO.

Baada ya mwezi hivi, mulika kila yai kwa tochi bila kuligeuza. Ukiona mishipa, Mbegu ni "ndiyo". Usipoona kitu, andika "haijulikani", siyo "hapana". Mayai ya kobe wa madoa yanaweza kulala kimya kabla ya kuanza kukua. Mengine huanguliwa baada ya miezi minne au mitano, mengine hupita mwaka. Yai linapewa "tasa" linapooza au kubonyea lenyewe.

Kwa kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, hatua hii unairuka: yeye huzaa watoto hai. Tumia shiti ile ile ya MITAGO, tarehe ya kutaga iwe tarehe ya kuzaa, na wale waliotoka wamekufa waandike MAYAI kama "fia yaini".

Hatua ya 7: Siku ya kuanguliwa

Mtoto akitoboa yai, usimvute. Akishatoka mwenyewe na kiini cha tumboni kimeingia, mpime, mpige picha ya gamba la juu na la chini, kisha mpe namba inayofuata WANYAMA. Kama wa mwisho alikuwa KM-041, huyu ni KM-042. Jaza mtago wake, M25-07, kwenye safu F. Jinsi yake ni "haijulikani", na itabaki hivyo kwa miaka kadhaa. Usikisie kwa sababu tu mteja anauliza.

Alama ya mwanzo ni tone dogo la rangi ya kucha katikati ya kigae kimoja cha pembeni. Usipake kwenye maungio ya vigae, ndipo gamba linapokulia. Usitoboe gamba. Chipu itawekwa na daktari wa mifugo mnyama akishakuwa mkubwa wa kutosha, na siku hiyo unaandika namba yake mara mbili: WANYAMA na MATUKIO.

Rudi MAYAI, weka "anguliwa" na tarehe.

Aliyekufa siku ya tatu je? Anabaki. Badilisha Hali kuwa "amekufa", weka tarehe, usifute mstari. Ukifuta, hesabu ya mtago inabadilika kimyakimya, na mwaka kesho jike lenye watoto dhaifu litaonekana jike zuri.

Hatua ya 8: Weka fomula

Ziandike kwenye mstari wa pili wa MITAGO kisha uzivute chini.

F2: =COUNTIF(MAYAI!B:B,A2)
G2: =COUNTIFS(MAYAI!B:B,A2,MAYAI!D:D,"ndiyo")
H2: =COUNTIF(WANYAMA!F:F,A2)
I2: =E2+110

Ya mwisho inakupa tarehe ya kuanza kukagua mashine kila siku. Badilisha 110 kulingana na spishi yako na joto lako.

Kwenye WANYAMA, wazazi wajitafute wenyewe:

K2: =IFERROR(VLOOKUP(F2,MITAGO!A:C,2,FALSE),"")
L2: =IFERROR(VLOOKUP(F2,MITAGO!A:C,3,FALSE),"")

Faida yake ni kwamba ukigundua mama wa M25-07 ulimkosea, unarekebisha kisanduku kimoja na watoto wote wanafuata.

Sasa kipimo cha uaminifu. Hesabu kwenye MAYAI wenye "anguliwa" wa mtago mmoja, linganisha na safu H. Zikitofautiana, kuna mtoto asiyesajiliwa au yai lililosahauliwa. Fanya hivi kila mwisho wa mwezi.

Kuhusu asilimia: mtago wa mayai 14, 11 yana mbegu, wanane wameanguliwa. Ukigawa kwa 14 unapata asilimia 57. Ukigawa kwa 11 unapata 73. Zote ni kweli, zinajibu maswali tofauti. Ya pili inaipima mashine yako. Ya kwanza inapima mpaka dume. Anayekutajia asilimia bila kusema amegawa kwa nini, muulize.

Hatua ya 9: Tazama ukoo kabla ya kupandisha

Kabla ya kumwingiza dume kwa jike, chuja WANYAMA uwatoe wote wawili, utazame safu K na L. Wakiwa na mama mmoja na baba mmoja, watoto wao watakuwa na kiwango cha damu moja, yaani kipimo cha udugu wa wazazi wao, cha 0.25. Wakichangia mzazi mmoja tu, 0.125. Watoto wa binamu wa kwanza ni 0.0625. Kwa mfugaji mdogo, ushauri ni rahisi: usipandishe wanaochangia mzazi, na ukiona "haijulikani" kwa wote wawili huku walitoka kwa muuzaji mmoja, wachukulie kama ndugu.

Ukikutana na mtu wa bustani za wanyama akakwambia ana 3.5.12, anamaanisha madume matatu, majike matano, na 12 wasiojulikana jinsi. Ni muhtasari mzuri wa kuandika juu ya ripoti yako.

Hatua ya 10: Nakala

Kila Jumamosi, hifadhi nakala yenye tarehe kwenye jina: kobe-2025-04-05. Iwe mahali tofauti na kompyuta: kwenye barua pepe yako, au flashi inayokaa nyumba nyingine. Kila mwezi chapisha WANYAMA na MITAGO, saini, weka kwenye jalada pamoja na vibali. Ukitumia Google Sheets, wafanyakazi wape ruhusa ya kuhariri MAYAI na MATUKIO tu, WANYAMA ifunge.

Ikikwama

*Fomula inaonyesha kosa ingawa umeinakili sawasawa.* Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato: =COUNTIF(MAYAI!B:B;A2). Kwenye LibreOffice, badala ya alama ya mshangao baada ya jina la shiti, huenda ukahitaji nukta: MAYAI.B:B.

*Mama na Baba ni tupu japo mtago umejazwa.* Mara nyingi kuna nafasi iliyojificha mwishoni, "M25-07 " badala ya "M25-07", au mtu ameandika herufi O mahali pa sifuri. Futa, andika upya.

*Safu I inaonyesha namba kama 45860.* Hiyo ni tarehe isiyovaa mpangilio wake. Chagua safu, weka mpangilio wa tarehe.

*Tarehe nyingine zimeegemea kushoto, nyingine kulia.* Za kushoto zimeingia kama maandishi na hazihesabiki. Ziandike upya baada ya kuweka mpangilio.

*Chipu tayari zimegeuka 9.77E+14.* Badilisha safu iwe maandishi, kisha msome mnyama upya kwa kisomeo. Usijaribu kukisia tarakimu zilizopotea.

*Umepanga kwa alfabeti, sasa namba za wanyama hazilingani na taarifa zao.* Ulipanga safu moja peke yake. Rudisha nyuma mara moja. Ikishindikana, fungua nakala ya Jumamosi. Kuanzia hapo, chagua shiti nzima kabla ya kupanga.

*Rangi ya kucha imefutika kwa watoto wawili wa mtago mmoja.* Linganisha picha za gamba la chini; michoro yake hutofautiana. Ikishindikana, waandike wote wawili kwenye MATUKIO kuwa wamechanganyika, wabaki na mtago wao na wapewe namba mpya mbili. Za zamani zifungwe, zisirudi tena. Kwenye safu F ya mistari hiyo ya zamani andika "imefungwa" badala ya mtago, vinginevyo watoto wawili watahesabiwa wanne.

*Una wanyama wa miaka mingi na hakuna kilichoandikwa.* Wape namba leo, Asili jaza tu kile kibali kinachosema, Mtago acha wazi, na tarehe iwe ya leo ukieleza kuwa ni tarehe ya kusajiliwa. Hao ndio waanzilishi wako. Ukoo unaanza kuhesabika kwenye mtago wao unaofuata.